Mlimau Usio na Zamu

"Nimeridhia," mama alisema, na akaendelea kukunja shuka.

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni, mkoba begani, tayari kwenda kazini. Neno lile alilisikia kama msafiri anavyosikia likitajwa jina la kituo ambacho si chake. Likapita.

"Umenisikia lakini?"

"Nimekusikia, mama."

"Nimesema nimeridhia. Huyo mtu wako wa kulima kwenye viroba. Aje tena aseme alilokuja kulisema zile mara mbili, na safari hii sitamwonesha mlango, nitamwonesha kiti."

"Ahsante, mama."

Mama akaliweka shuka chini. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na machozi machache, mjane aliyelea peke yake, na hakuzoea kutoa kitu kikubwa kikapokewa kama kidogo.

"Ahsante? Umeninunia, umenigombeza mimi niliyekuzaa mpaka majirani wakafunga madirisha, na leo nakupa ulichokililia unaniambia ahsante, kana kwamba nimekupitishia chumvi?"

"Ulitaka nisemeje?"

"Piga kelele! Niambie nimechelewa! Nilaumu ukitaka. Mungu atakusamehe, na mimi nitamfuata nyuma."

Binti akajipekua moyoni kama mtu anavyopapasa mifuko akitafuta ufunguo. Hakukuta furaha. Hakukuta hata uchungu, ambao kwa muda mrefu ulikuwa ndio mwenyeji wa mle ndani. Mama alipokataa mara ya kwanza, alilia mpaka sauti ikamkauka. Alipokataa mara ya pili, na kusema mbele ya mgeni kwamba mwanamume mwenye shamba la kubebeka mkononi hawezi kumtunza mtoto wa watu, alilia pia, lakini akiwa anapika. Moyo ni kama kiganja cha mwenye jembe. Kwanza hutoka lengelenge, kisha hutoka damu, mwisho huota sugu, na sugu haina habari na mpini.

"Nitamwambia," akasema.

"Leo."

"Leo, mama."

Mama akamkaribia, akamshika kidevu, akamtazama kama anayesoma maandishi yaliyofifia.

"Naogopa, mwanangu," akasema, na sauti yake haikuwa ile ya kila siku. "Nikikupa chakula unakula. Nikikwambia lala, unalala. Hubishi, huchagui. Nilizaa mtu, sikuzaa kivuli. Nenda kamwambie ndiyo, au kamwambie hapana, lakini limtoke yeye anayeolewa. Likiwa hapana, nitajua kuwa aliyekuua ni mimi, na nitakwenda nalo mbele ya Mola wangu."

Binti akambusu mkono, akatoka. Njiani alijaribu kulifikiria neno ndiyo, kisha akalifikiria neno hapana. Yalikuwa na uzito mmoja.

*

Bustani ya mafunzo ilikuwa juu ya paa la jengo la ghorofa nne, mahali palipokuwa pakianikwa nguo. Walikuja huko watu wa mjini wasio na kiwanja wala kishamba, kujifunza kuotesha chakula chao kwenye ndoo, kwenye viroba, kwenye masanduku ya mbao na kwenye mapipa yaliyokatwa. Walimu walikuwa wawili. Binti yule aliyefundisha udongo, yaani namna ya kuyageuza maganda ya jikoni na majani makavu yakawa mbolea laini isiyonuka, wanafunzi walimwita Bi Mboji. Mwenzake aliyefundisha mbegu na kitalu walimwita Bwana Miche. Majina hayo yaliwakaa hata wao wenyewe wakawa wanaitana hivyo, kwanza kwa mzaha, halafu kwa sauti ya chini isiyokuwa ya mzaha.

Baada ya mama kukataa mara ya pili, Bwana Miche alisema, "Tukionana kila siku tutamkosea mzazi wako, au tutajikosea wenyewe." Wakagawana. Yeye akachukua asubuhi, Bi Mboji akachukua jioni. Masanduku ya upande huu yakawa ya mmoja, viroba vya upande ule vikawa vya mwingine. Waligawana kila kitu kwa adabu kubwa, kama warithi wanaoogopa kugombana mbele ya jeneza.

Kimoja tu hakikugawanywa. Katikati ya paa, kando ya tangi la maji, ulikuwepo mlimau ndani ya pipa la bluu. Waliupanda pamoja walipoanza kazi hapo, Bwana Miche akishika shina na Bi Mboji akijaza udongo, na vidole vyao vikakutana chini ya udongo ule na hakuna aliyeharakisha kuviondoa. Siku ya kugawana, hakuna aliyethubutu kusema "huo wangu," wala aliyekuwa na moyo wa kusema "huo wako." Ukabaki bila mwenyewe.

Bi Mboji alihofu utakufa. Kila jioni, kabla ya kushuka, aliujazia maji. Baada ya muda majani yakaanza kugeuka njano na kuinama. Akaongeza maji. Yakazidi kuinama. Hapo akaelewa, au alidhani ameelewa, kwamba mwenzake hupita hapo kila asubuhi na hautazami. Kwamba kilichokuwa kati yao amekwisha kukiachia jua. Hakuwa na haja ya kumwuliza. Ushahidi alikuwa akiuona kwa macho. Na tangu jioni ile hakulia tena.

Leo walikuwa wameitwa wote wawili kwa wakati mmoja, saa sita mchana, baina ya zamu zao, na aliyewaita alikuwa Mama Cherehani, mshonaji mnene mchangamfu, mwanafunzi wa tangu mwanzo.

"Mti wenu unakufa," alikuwa amewatumia ujumbe. "Njooni pamoja mtufundishe unakufaje."

Alipofika juu, Bwana Miche alikuwa amekwisha kufika. Alikuwa amechuchumaa akitenganisha miche ya nyanya, na vijiti vya alama vimejaa mfuko wa shati lake kama kawaida. Aliinua uso. Nywele za kando zilikuwa zimeanza mvi. Macho yake yalimshika, yakakaa, yakataka kusema jambo, kisha yakarudi kwenye miche kama mtu aliyebisha hodi akasikia nyumba kimya.

"Habari za siku nyingi, Mwalimu."

"Nzuri. Za kwako?"

"Namshukuru Mungu. Mama hajambo?"

"Hajambo."

Akangojea moyo umruke. Haukuruka. Alitambua tu kwamba shati lile analijua, na kwamba kifungo cha pili kimeshonwa kwa uzi usiofanana.

"Walimu wote wawili siku moja!" akasema Breki, mzee aliyestaafu udereva wa teksi. "Leo mvua itanyesha hata kama haikupanga."

"Nyamaza wewe," Mama Cherehani akamkata. "Mdomo wako utawashusha ngazi kabla hatujasoma."

Wakauzunguka mlimau. Ulikuwa wa kuhuzunisha. Majani machache yaliyosalia yalining'inia, na matawi ya juu yalikuwa yamekauka.

"Haya," Bwana Miche akasema kwa sauti ya darasani. "Nani ataniambia mti huu una nini?"

"Kiu," akajibu Breki. "Hilo halihitaji kwenda shule. Majani yamelala kama abiria wa alfajiri."

"Wengine?"

"Kiu na uchungu," akasema Mama Cherehani, akimtazama Bi Mboji kwa pembe ya jicho.

Bwana Miche hakucheka. Aliligusa jani moja, likamkatikia mkononi. Akasogea karibu na Bi Mboji na kusema kwa sauti ya chini, "Ungeniambia tu kwamba hutaki kuuona. Ningeuhamisha."

"Mimi?"

"Kila asubuhi nikija naukuta umelala zaidi. Sikutaka kukuuliza. Nilijiambia una haki yako."

"Na mimi kila jioni naukuta hivyo hivyo. Wewe ndiye uliyeuacha."

"Niliuacha mimi?" Kwa mara ya kwanza alisahau kushusha sauti. "Kabla sijagusa mche wowote, kabla sijafungua hata kitalu, huwa naumwagia huu. Ndoo nzima."

"Ndoo nzima?"

"Kila nikifika."

Bi Mboji akamtazama.

"Na mimi kila nikiondoka," akasema. "Ndoo nzima."

Chini barabarani pikipiki ilipita, na sauti yake ikaisha yote kabla mtu hajajongea. Kisha Bi Mboji akapiga magoti, akakichomeka kidole kwenye udongo wa pipa. Hakuhitaji kusukuma. Kidole kilizama mpaka mwisho, na alipokitoa kilifuatwa na harufu ya mayai viza.

"Lo!" Mama Cherehani akafunika pua kwa upande wa mtandio. "Hiyo ni nini?"

"Mizizi," akasema Bi Mboji. "Imeoza."

Wakalilaza pipa, Breki akishika upande mmoja na Bwana Miche upande wa pili, na maji meusi yakamwagika sakafuni. Mizizi ilitoka myeusi, na ukiivuta maganda yake yalichopoka kama soksi iliyolowa. Mti uliozama na mti wenye kiu huinamisha majani kwa namna moja. Somo hilo ndilo walilokuwa wakianza nalo kwa kila darasa jipya.

"Subirini kwanza," akasema Mama Cherehani. "Nyinyi ndio mnaotuchomekesha vidole udongoni kabla hatujashika ndoo, kama tunapima homa ya mtoto. Mimi kucha zangu zimeharibika kwa ajili ya hilo somo. Ninyi wenyewe hamkupima?"

Bwana Miche alikuwa ameushika mlimau mikononi, matope yakimchuruzika mpaka viwikoni.

"Sikupima," akasema. Hakuwa akimjibu mshonaji. "Mtu hupima asilolijua. Mimi nilijiona najua. Nilijua umeuacha."

"Na mimi nilijua umeuacha wewe," akasema Bi Mboji.

"Makubwa!" Breki akatikisa kichwa. "Wameua mti kwa huruma."

"Haujafa," akasema Bwana Miche. "Huku katikati iko mizizi miwili mitatu myeupe. Mama Cherehani, chukua mkasi. Mweusi wote kata, mweupe usiuguse. Breki, changanya mchanga na udongo mkavu. Tutaupanda upya, na maji hautapata."

"Lini?"

"Utakapoonekana unayataka."

*

Wakawaachia wanafunzi kazi, wakaenda nyuma ya tangi, mahali ambapo mtu husikika lakini haonekani. Bi Mboji aliegemea ukuta. Alijua sasa kwamba jambo aliloliamini mwaka mzima halikuwa kweli. Kwamba kila alfajiri mtu huyu alikuwa akipanda ngazi na kuanza na mlimau. Alilijua kama mji unavyojulikana kwa ramani.

"Mama ameridhia," akasema.

Bwana Miche akasimama tuli. Mkono uliokuwa ukielekea kufuta jasho ukabaki hewani.

"Sema tena."

"Mama ameridhia. Asubuhi ya leo. Anasema safari hii atakuonesha kiti."

Alicheka, na macho yakamjaa machozi. Bi Mboji akayaona machozi yale, akajua kuwa ni yake, ameyachuma yeye, na hakuweza kuyafikia.

"Na wewe?" Bwana Miche akauliza.

"Na mimi ndiyo."

"Hivyo tu?"

"Ndiyo ni ndiyo. Ulitaka iwe na mashairi?"

Bwana Miche akamchungua usoni. Furaha yake ikamshuka taratibu.

"Umelisema kama mtu anayeitika jina lake darasani."

"Nitakwambia kweli," akasema Bi Mboji. "Sihisi kitu. Nimejitafuta tangu asubuhi. Si kwamba nakuchukia. Hata hilo sina. Nimekuona pale na miche yako nikaona kifungo chako kina uzi wa rangi nyingine. Basi. Hicho ndicho nilichokiona."

Bwana Miche akainamisha kichwa akakitazama kifungo. Alipoongea tena, sauti yake ilikuwa ya upole, ule upole wa mtu anayejiandaa kuumia ili mwingine apumzike.

"Basi siwezi kukuchukua hivi. Ningekuwa mwizi. Nimelisubiri neno hilo na Mola anajua nilivyolisubiri, lakini silitaki kutoka kwa mtu aliyechoka. Rudi nyumbani, mwambie mama namshukuru. Mwambie nitangoja. Upone kwanza. Ikiwa una kheri na mimi, utakuja. Ikiwa huna, sitakulaumu."

Maneno yalikuwa mazuri. Yangetundikwa ukutani. Bi Mboji aliyasikiliza mpaka mwisho, na mahali fulani chini ya mbavu kitu kikageuka, kizito, kama mtu aliyelazwa anavyogeuka kitandani.

"Utangoja," akasema.

"Nitangoja."

"Utangoja nini?"

"Mpaka uwe—"

"Mpaka niwe nini?" Sauti ilipanda bila ruhusa yake. "Nani kakwambia kuwa sitaki? Nani? Mimi nimekwambia ndiyo!"

"Umesema huhisi—"

"Nimesema sihisi furaha! Sikusema sitaki! Wewe umeniona nimeinama ukajua nina nini. Umejua! Kama ulivyojua la mti. Kama ulivyojua siku ile kwamba dawa yetu ni wewe kuchukua asubuhi na mimi kuchukua jioni, na kabla sijafungua mdomo ukawa umekwisha kugawa masanduku. Hukuniuliza. Ulinihurumia. Mimi sikuomba kuhurumiwa, niliomba kuolewa!"

Upande wa pili wa tangi mkasi ulinyamaza.

"Bi Mboji—"

"Usinitulize!" Mikono yake ilikuwa bado ina matope ya mlimau. Alitazama akaona ameshika donge, na hakukumbuka alilichota saa ngapi. Akalirusha. Lilimpata kifuani, likapasuka, likatiririka juu ya vifungo vyote, vya uzi mmoja na kile cha uzi usiofanana. "Nimepanda ghorofa nne nimekuja kusema ndiyo. Mtu aliyekufa hapandi ngazi! Unasikia? Furaha itakuja ikija, na isipokuja nitaishi nawe bila hiyo mpaka ione haya. Lakini usiniambie nenda ukapone. Nimechoka kuponea peke yangu."

Alikuwa anahema. Masikio yalikuwa ya moto. Bwana Miche hakulifuta tope. Alimtazama kama alivyomtazama zamani, udongoni, siku ya mlimau.

"Sasa nauliza mimi," akasema Bi Mboji. "Utanioa, au utaningoja?"

"Nitakuoa."

"Lini?"

"Siku atakayoitaja mama yako, na akiitaja leo iwe leo."

Upande wa pili wa tangi Mama Cherehani akaanza kupiga makofi kwa mikono yake ya matope. Ikasikika sauti ya Breki, "Mama we, subiri wamalize!" na ya Mama Cherehani, "Wamemaliza! Umesikia nitakuoa au hukusikia?"

"Basi twende," akasema Bi Mboji. "Twende kwa mama, asikie kwangu na asikie kwako."

"Sasa hivi? Na shati hili? Nanuka kama mtaro."

"Na shati hilo hilo."

Akatangulia. Wanafunzi walijifanya wanautazama mlimau, ambao ulikuwa umesimamishwa katika mchanga mkavu, umekatwa kila upande, hauna majani zaidi ya matano, na haukuwa ukitoa ahadi yoyote. Akaupita. Akashika ngazi, akateremka ghorofa ya kwanza kwa kasi ya hasira, na ya pili kwa kasi ndogo zaidi. Kwenye kibaraza cha ngazi, mbele ya mlango wa watu asiowajua, akasimama. Akakaa kwenye daraja.

Kilio hakikubisha hodi. Kilianzia tumboni, kikamkunja, kikatoka na sauti mbaya ambayo hakuijua kuwa ni yake. Hakikuwa cha furaha, na hakikuwa cha mama, wala cha mti. Kilikuwa kimejikusanya chote pamoja, na sasa kilitoka bila foleni.

Bwana Miche alikuja akasimama juu yake. Alinyoosha mkono, akauona una matope, akaurudisha. Kisha akashuka, akakaa daraja moja chini, mgongo ukutani, asimguse wala asimtazame sana.

Mlango ukafunguliwa kidogo, jicho la mwenye nyumba likatazama, mlango ukafungwa.

"Unalia nini?" akauliza Bwana Miche. "Nakuuliza. Sijui."

Bi Mboji akajifuta uso kwa mkono wa gauni.

"Hata mimi sijui bado," akasema. "Kaa tu hapo."

Akakaa.